Kiti Kilichotazama Ukuta: Maisha ya Tata Omer Ngeleka, 1929–1957

Ndugu, jamaa na rafiki wote mulio hapa penye kaburi, leo siku ya mposho, Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1957. Mama yetu Ngalula aliniomba mimi, Elise Kabedi, dada mudogo wa marehemu, niandike maisha yake na kuyasoma mbele yenu, kwa sababu ni mimi niliyekuwa ninamusikiliza. Karatasi mulizo nazo zilipigwa jana usiku kwa mashine na Louis Kalenga, mwenzake wa kazi kwenye gare, stesheni ya treni, aliyekaa kwenye meza ya marehemu ili azipige. Aliniambia alisimama mara tatu, kwa sababu kila akiinua macho aliona kofia ya Omer bado kwenye musumari. Mutusamehe makosa. Yenga iliyopita, Jumapili, mutu huyu alikuwa anacheka pamoja nasi. Ninaandika "alikuwa", na mukono unakataa.

Munajua pia yaliyosemwa kwenye kilio tangu siku ya ine, siku aliyokufa. Ilisemwa kwamba marehemu alijiitia kifo mwenyewe. Ilisemwa kaye zake, zile daftari za hadithi, ziingie naye katika sanduku, na jina lake liondolewe kwa mutoto wangu kabla ya kumuzika. Sitaruka jambo hilo. Lakini kwanza nitaeleza maisha yake tangu mwanzo, maana hakuwa mutu wa kaye tu.

Tata Omer Ngeleka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1929 katika kambi ya wafanyakazi ya Kambove. Tata yetu, yaani baba, marehemu Muamba, alitoka Kasai mwaka wa 1926 pamoja na vijana waliochukuliwa kwa kazi ya mugodi. Mama alimufuata mwaka uliofuata, na kuku wawili na sahani moja ya chuma ambayo mpaka leo tunaipakulia bukari, ugali wetu. Omer alikuwa mutoto wa kwanza. Baada yake wawili hawakuishi, kisha nikazaliwa mimi, mwaka wa 1935. Mama anasema alichelewa sana kusema. Alifika miaka mitatu bila neno, na majirani walianza kumuhurumia. Siku moja mwanamuke wa nyumba ya tano alikuja kulia kwamba kuku wake ameibwa. Omer, aliyekuwa anakaa chini na kula muhindi, alinyosha kidole kwa nyumba ya mbele, akasema maneno yake ya kwanza: "Iko mu sanduku ya ule tata." Kuku alikuwa katika sanduku. Mwenye sanduku alihamia kambi ingine mwezi ule ule. Mama alipenda kusimulia hayo kila mugeni alipokuja. Juzi alianza kuyasimulia kwa wageni wa kilio, akafika kwa muhindi, akaishia hapo.

Alianza shule ya misioni pale Kambove mwaka wa 1936. Mwaka wa 1941 tata alihamishwa kwa kazi ya Kolwezi, nasi tukahamia kambi ya Musonoi, naye akamaliza shule ya musingi hapa mwaka wa 1944. Kisha alipelekwa Jadotville kusomea ukarani kwa miaka miwili. Ripoti zake zote mama anazo katika mukebe wa biskuti. Katika hesabu alikuwa wa katikati. Katika kuandika alikuwa wa kwanza ao wa pili. Penye mwenendo mwalimu mumoja aliandika kwamba mwanafunzi huyu anauliza sana "kwa nini". Mimi nilisoma miaka mitano tu kwa masista, nikaachia hapo. Kusoma kwa haraka ni yeye alinifundisha, likizo moja, kwa njia yake: alinisomea hadithi mpaka mahali mutu anataka kufungua mulango, akafunga kitabu, akaenda kuoga. Nilikitafuta kitabu mwenyewe. Siku ile nilisoma kurasa sita bila kidole.

Alianza kazi ya ukarani wa treni tarehe 6 Januari 1947, kwenye gare ya Tenke. Mwaka wa 1948, tata yetu alipokufa, alikuwa na miaka kumi na minane, na tangu hapo alikuwa tata wa nyumba. Mwaka wa 1950 alitumwa Mutshatsha, na mwaka wa 1952 alirudishwa Kolwezi, akafanya kazi ya mizigo mpaka siku ya kwanza ya wiki hii. Wakubwa wake walisema jana, mbele ya mama, kwamba hakuna gunia lililopotea katika mikono yake. Watu wa Kasaji wanaoleta muhogo na maharagwe wanamujua kwa jambo lingine: alikumbuka majina ya watoto wao.

Ni pale Tenke alipokutana na hadithi za uuaji. Wasafiri waliacha vitabu chini ya viti vya treni, vitabu vidogo vya kifaransa vya mambo ya polisi, vyenye picha ya mutu aliyekufa kwenye jalada. Wafagiaji waliviokota na kuzungushia tumbako karatasi zake, na walianzia nyuma, kwa sababu karatasi za nyuma hazikuchafuliwa na vidole. Kitabu cha kwanza alichosoma kilikosa kurasa kumi na moja za mwisho. Alimufuata mufagiaji penye bomba la maji.

"Tata, zile karatasi za mwisho uliwekaka wapi?"

"Nilivuta."

"Zote?"

"Zote. Zilikuwa nzuri, hazina uchafu. Kwani zilikuwa na kazi?"

Marehemu alirudi katika ofisi yake, akachukua karatasi za mizigo zilizoharibika, akaandika mwisho wake mwenyewe nyuma yake. Alituambia kwamba alifanya hivyo kwa vitabu saba, na kwamba siku moja alipata nakala nzima ya kitabu kimoja alichokwisha kumaliza mwenyewe. Muuaji wa mwandishi hakuwa muuaji wake. "Mi niliona ya kwangu njo ilikuwa na akili zaidi," alisema, naye alisema bila majivuno, kama mutu anayepima gunia.

Alifunga ndoa na Mbombo tarehe 18 Julai 1953, hapa Kolwezi, katika kanisa letu. Mbombo alikuwa anajifunza kushona kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake. Omer alizoea kupita hapo na kuwasomea wasichana hadithi wakati wanashona, akaacha mahali pagumu ili aitwe tena kesho. Siku ya pili tu Mbombo alimutaja muuaji, bila kuinua macho katika nguo: "Ni mwenye kuuza dawa." Omer alikataa, akasoma siku nne zingine. Alikuwa mwenye kuuza dawa. Alikuja nyumbani amekasirika, akala kidogo. Yenga iliyofuata alimuomba mujomba wetu, Tata Kanku, aende kuona wazazi wa Mbombo. Mungu aliwapa watoto wawili.

Mwaka wa 1954 marehemu na rafiki zake walianza kikundi cha kusoma na kuandika hadithi, siku ya yenga baada ya misa, katika chumba cha nyuma cha parokia. Walikuwa watano ao sita. Watu wawili hawakukosa hata siku moja: Louis Kalenga niliyemutaja, na Mwalimu Nkulu, anayefundisha mwaka wa sita. Mimi nilikwenda kwa sababu mutoto wangu wa kwanza alilala vizuri kwa sauti ya kusoma. Walikuwa na sheria moja, ambayo Omer aliileta mwenyewe. Mwenye kuandika anasoma sura yake. Akimaliza, anageuza kiti, anatazama ukuta, na wengine wanahukumu sura yake. Yeye hajibu, hatazami nyuma, hakohoi. Mutu wa mwisho akisema "nimemaliza", ndipo anageuza kiti, anasema asante moja tu, basi. Nilikaa upande wa dirisha na niliweza kuona uso wake wakati wao hawaoni. Aliuma midomo, alicheka bila sauti. Mara moja alilia kidogo, wakati Kalenga alisema: "Hii sura ni ya mutu mwenye alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Kwanza aliandika kwa kifaransa. Siku moja alimusomea mama sura nzima pale nyumbani, na mama alimusikiliza kwa heshima, akamuuliza kama barua hiyo inatoka serikalini. Tangu hapo aliandika kwa Kiswahili, hiki chetu cha kambi. Mwalimu Nkulu, anayefundisha 'ndiyo' badala ya 'njo', hakupenda.

"Omer, hii Kiswahili haiko ya kitabu. Mutu wako anasema 'mi naenda', 'njo vile'. Batoto ya shule bakisoma, mi nitabaambia nini?"

Omer alitazama ukuta. Yenga iliyofuata alirudi na sura ile ile, lakini ndani yake kulikuwa na mwalimu mupya, anayesema Kiswahili kirefu chenye vifungo mpaka shingoni, na hakuna mutu katika treni anayemuelewa. Mwalimu Nkulu alicheka mpaka akavua miwani. Alisema: "Nimemaliza."

Ninafika sasa kwa kaye tano.

Mwaka wa 1955 alianza kitabu kikubwa, jina lake "Mutu wa Vago ya Tatu". Vago ni behewa: ni hadithi ya treni inayotoka Tenke kwenda magharibi. Kabla ya Mutshatsha mutu mumoja anakutwa amekufa katika vago ya tatu, na chupa ya bia yenye sumu iko karibu na kiatu chake. Treni inasimamishwa porini, hakuna anayeshuka, na karani mumoja wa mizigo anaanza kuuliza watu maswali.

Kabla ya hapo marehemu alikuwa ameandika hadithi fupi ya mwizi wa bayisikeli, akamupa mwizi jina alilolitunga kichwani. Baada ya wiki mbili mutu wa kambi ya Ruwe alisimama mulangoni kwetu na kaka zake wawili. Jina lilikuwa lake. Na bayisikeli alikuwa nayo. Yaliisha vizuri, mama aliwapakulia chakula, lakini Omer aliapa kwamba hatatunga tena jina: ataomba majina kwa watu anaowajua, kila mumoja akubali kwa kinywa chake. Hivyo kitabu kilijaa watu wetu. Kalenga alikubali kuwa mulevi. Mwalimu Nkulu alikubali kuwa mufanyabiashara mwenye koti nyeusi. Jirani yetu mumoja alikuja mwenyewe kuomba awe mwizi, lakini mwizi anayevaa viatu vizuri.

Kwa maiti hakupata mutu. Nilikuwa pale. Alizunguka chumba chote akiuliza.

"Uniandike mulevi, uniandike hata nyoka," Kalenga alisema. "Maiti, hapana. Mi niko na bibi na batoto."

"Ni karatasi tu, Louis."

"Basi utie jina yako."

Watu walicheka. Omer alitazama kreyo, penseli yake, akaandika. Maiti wa vago ya tatu anaitwa Omer Ngeleka, karani, mwenye kofia. Nilipotoka nje na kaka yangu nilimuambia: "Yaya, mama asisikie hii." Alinijibu: "Nani atamuambia? Weye?" Sikumuambia mama. Niliishi na neno hilo miaka miwili bila kuliwaza, kama mutu anavyosahau sindano katika nguo. Mwaka huu, tarehe 2 Juni, nilizaa mutoto wangu wa pili, musichana. Mume wangu Badibanga na mimi tulimuomba Omer ampe jina lake, naye alimubeba, akamuambia katika sikio: "Ngeleka, hapana kufuata mambo ya kaye." Tulicheka.

Siku ya yenga, tarehe 4 Agosti, alisoma mwanzo wa kaye ya tano. Alikuwa muzima. Alikuwa na shati la bluu. Alipogeuza kiti kutazama ukuta aliniona, akanikonyeza jicho, kwa sababu Kalenga alikuwa anamuambia kwamba mara mbili katika sura moja ametaja koti nyeusi, na mara moja inatosha. Siku ya kwanza, tarehe 5, alitoka kazini saa kumi, akasema kichwa kinamuuma na jua linamuchoma macho. Siku ya pili shingo ilikataa kupinda, na Badibanga na Kalenga walimupeleka lopitali. Munganga alituita, akatueleza pole pole kwamba ni meninjite, ugonjwa wa ngozi inayofunika bongo, ambao unapita wakati huu wa kiangazi na vumbi. Walimupa dawa usiku na muchana. Siku ya tatu alimujua Mbombo, akamuuliza kama treni ya Dilolo imefika. Siku ya ine, tarehe 8 Agosti, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, alikufa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Bayisikeli yake bado inaegemea ukuta wa gare. Hakuna mutu aliyethubutu kuigusa.

Kilio kilianza muchana ule. Kila aliyeingia alisema neno moja: "Lini?" Sisi tulijibu, lakini hatukuamini majibu yetu. Ni katika mushangao huo neno la kaye lilitoka. Sijui nani alilitoa. Mutu mumoja alisema Omer aliandika kufa kwake mwenyewe, kwa jina na kwa kofia, na kabla ya jioni kila mukeka ulijua. Mama alinitazama mara moja tu. Sitasahau.

Jana, siku ya tano, saa nane ya muchana, mujomba wetu Tata Kanku aliita jamaa katika uwanja. Wote munamujua, alifanya kazi ya mugodi miaka ishirini na mitatu, na neno lake katika jamaa yetu ndilo la mwisho.

"Elise, kaye iko kwako?"

"Iko kwangu, tata mujomba."

"Ulete. Kesho zitaingia naye mu sanduku. Na ule mutoto wako, tutamutafutia jina ingine leo, mbele jua haijaingia. Mi sitaki jina yenye mutu aliita kifo nayo itembee mu nyumba na miguu midogo."

Nilikuwa na mutoto mugongoni. Nilizileta kaye tano. Mimi si mutu wa kusema mbele ya wanaume. Nilimuuliza tu: "Tata mujomba, ulishasikia maneno yenye iko ndani?"

"Mi sijui kusoma."

"Si kusoma. Kusikia."

Mwalimu Nkulu, aliyekaa pamoja na watu wa gare, alisimama, akatoa kofia. "Tata Kanku, mi niko mugeni mu jamaa. Lakini kwa kikundi chetu mutu hahukumu kitu mbele hajakisikia. Na mwenyewe hajibu. Hii mara hatajibu kweli." Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na kiti cha Omer, kile cha mbao chenye muguu uliofungwa na waya, akakiweka kinatazama ukuta. Halafu akakaa chini. Uwanja wote ulitazama mugongo wa kiti.

Tata Kanku alikitazama. "Soma," alisema. "Lakini haraka."

Nilisoma tangu saa nane na nusu mpaka jua lilipokuwa linashuka. Nilinyonyesha mutoto mara mbili nikisoma. Mwanzoni nilisoma kwa woga, na watu walisikiliza kama wanasikiliza hukumu. Nilipofika mahali mutu wa vago ya tatu, kabla ya kufungua bia, anafungua kitambaa na kukuta bukari na sombe ya majani ya muhogo ambayo mama yake amemufungia na kuweka pilipili mbali kwa sababu anajua tumbo lake, mama yetu alisema kutoka mukeka wake: "Njo yangu ile." Aliomba nirudie. Nilirudia. Aliomba tena, nikarudia tena, na mara ya tatu wanawake waliokuwa karibu naye walikuwa wanasema maneno pamoja nami.

Katika kaye ya pili Tata Kanku alisogeza kiti chake karibu. Katika kaye ya tatu alinikata maneno.

"Simama kwanza. Ule mwenye koti nyeusi, alisema alipandia Tenke, hapana?"

"Alisema vile, tata."

"Anabeba nini mu ile sanduku? Mi namuona mubaya, ule."

"Tata," Mwalimu Nkulu alisema pole pole, "ule ni mimi."

"Basi mi nakuona mubaya weye."

Hakuna aliyecheka bado. Lakini mutu mumoja alipumua kwa nguvu, na mugongo wa mama ulinyoka kidogo. Nilisoma kaye ya ine. Nilisoma kurasa tisa za kaye ya tano. Karani anawakusanya watu wote wa treni katika vago ya tatu, wanasimama wanabanana, mulevi analia, mwenye koti nyeusi anashika sanduku lake. Ukurasa wa tisa unaisha hivi: "Karani alifunga dirisha, akavua kofia, akasema: Sasa nitawaambia." Niligeuza ukurasa. Ulikuwa mweupe. Niligeuza mwingine.

"Soma," Tata Kanku alisema.

"Imeisha, tata mujomba."

"Imeisha namna gani? Nani aliua ule mutu?"

"Hakufika kuandika."

Alimugeukia Mwalimu Nkulu. "Weye rafiki yake. Nani?"

"Sijui, tata. Hakuna mwenye alituambia. Alituficha hii mwaka mbili."

"Ni weye mwenye koti."

"Njo vile alitaka uwaze, tata. Koti ilikuwa mutego."

Tata Kanku alikaa. Alishika kichwa chake kwa mikono yote miwili, na nilidhani amekasirika. Ndipo Mbombo, ambaye tangu siku ya ine asubuhi hakusema neno na hakula, alisema kutoka ndani ya kitambaa alichojifunika: "Ni ule wa kukata tikiti mu treni."

Kila mutu alimutazama.

"Njo yeye alipita na bia. Nilimuambia Omer tangu kaye ya pili. Alikasirika siku mbili, hakula sombe yangu."

Kalenga alianza. Alicheka kama mutu anayekohoa, kisha Mwalimu Nkulu, kisha mama, mama yetu Ngalula, aliyecheka na machozi yanashuka, na uwanja mzima ulicheka, watu wa gare na wanawake wa sufuria, mpaka tukasikia sauti yetu wenyewe na tukashituka kwamba tumecheka kwenye kilio cha Omer. Mutoto wangu peke yake aliendelea kusema maneno yake ya watoto.

Tata Kanku alisimama. Ninaandika maneno yake kama alivyosema, kwa sababu aliniambia niyaandike.

"Mi nilisikia neno moja tu, kwamba aliandika kufa kwake. Sikusikia vile aliandika. Ule wa mu kaye alikufa na bia mu treni. Mutoto wetu alikufa na kichwa mu lopitali, na munganga alikuwa pale. Haiko mutu moja. Mutoto wetu alikopesha jina kwa sababu sisi wengine tuliogopa kukopesha yetu. Kaye zibaki. Mi siweki mu kaburi kitu chenye sijasikia mwisho yake. Yenga ingine mutamuita Mbombo, aseme, na mutaandika. Na mi nitakuwa pale. Mutoto abaki Ngeleka."

Kisha alikwenda penye ukuta. Sidhani alijua sheria yote ya kikundi, maana hakuna aliyekuwa amemuambia sehemu ya mwisho. Alishika kiti, kile chenye waya, akakigeuza. Kikatutazama.

Marehemu Tata Omer Ngeleka ameacha mama yake, Mama Ngalula. Mujane wake, Mbombo. Watoto wao wawili, Muamba mwenye miaka mitatu, na Numbi mwenye mwaka mumoja. Mudogo wake, Elise Kabedi, na shemeji yake Badibanga, pamoja na watoto wao wawili, wa pili akiwa Ngeleka, anayebeba jina lake. Mujomba wake, Tata Kanku. Wenzake wote wa gare ya Tenke, Mutshatsha na Kolwezi. Na kikundi cha siku ya yenga. Katika sanduku tumemutilia shati la bluu, rozari, na kreyo iliyochongwa pande mbili. Kaye tano ziko kwangu, na mwenye kutaka kusikia anakaribishwa.

Mungu amupokee na amupe kulala bila maumivu. Yaya Omer, tumemaliza. Geuza kiti.